Ziba Kwanza, Safisha Mwisho: Njia za Hewa Nyumba Inapokarabatiwa

Maneno yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wakazi, Masalani, Kaunti Ndogo ya Ijara

 

Mazungumzo ya barazani kwa kawaida huhusu maji, barabara, malisho na usalama. Jambo la leo ni dogo kwa sura. Linahusu vumbi linalobaki ndani ya nyumba baada ya fundi kulipwa na kwenda zake, na siku inayofaa ya kulitoa. Lakini ndani yake mna kifua cha mtoto mwenye pumu, maji ya kunywa ya familia, na mara nyingine uhai wa watu waliolala.

Desturi inajulikana. Mwezi wa Shabani unapoingia, maduka ya vifaa vya ujenzi huchangamka. Huyu anataka rangi, yule anataka dari mpya sebuleni, mwingine ameamua kubomoa ukuta ili chumba cha wageni kiwe kikubwa kabla ya Ramadhani. Mwenye nyumba husafisha kwanza: hupangusa feni, hufagia matundu ya hewa juu ya madirisha, hutoa utando wa buibui. Fundi humkuta amekwisha kusafisha. Kisha msasa huanza kupita ukutani, na jioni ya siku ya kwanza matundu yale yale yamejaa unga mweupe. Kwa kuwa yalisafishwa juzi, hakuna anayeyaangalia tena. Kazi imefanywa, ila imefanywa siku isiyo yake.

Nchi nyingine nyumba ina mabomba makubwa ya bati au plastiki yaliyofichwa juu ya dari, yanayosambaza hewa baridi au ya joto chumba hadi chumba. Masalani nyumba ya namna hiyo ni shida kuipata. Njia za hewa hapa ni nyingine: matundu yaliyoachwa juu ya madirisha na milango, wavu wa mbu uliopigiliwa mbele yake, nafasi iliyo kati ya dari na mabati, feni, dohani ya jikoni kwa walio nayo, na kiyoyozi cha ukutani katika maduka, ofisi, zahanati na nyumba chache. Vyote hivyo vina kazi moja, kuingiza hewa nzuri na kutoa mbaya. Vyote huziba kwa njia moja pia.

Wazee watakumbuka kwamba aqal haikuwa na shida hii. Nyumba ile ya fito zilizopindwa na mikeka hupumua kila upande, na familia inapohama hufunguliwa yote, mikeka ikakung'utwa, ikafungwa juu ya ngamia na kujengwa upya mahali safi. Usafi wake ulikuwa katika kuhama. Nyumba ya mawe na mabati haihami. Vumbi lililoingia leo litakuwemo mwaka ujao lisipotolewa kwa mkono.

Na vumbi la ujenzi si lile la barabarani ambalo kila mtu wa Ijara amelizoea tangu utotoni. Saruji ni kali kama magadi. Ikiguswa na unyevu wa jicho, pua au koo huunguza. Tofali, zege au kigae kinapokatwa kwa mashine hutoa unga laini wa mchanga uitwao silika. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupita puani na kufika chini kabisa ya mapafu, zikabaki huko. Mafundi waliouvuta kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu usiorudi nyuma, na tangu 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kijana anayekata vigae uani huku amejifunga leso usoni hajajikinga. Leso huzuia chembe kubwa tu. Dawa ya kwanza ni maji: tofali au kigae kilichoroweshwa hutoa tope badala ya wingu. Dawa ya pili ni barakoa nzito inayobana uso, ile iliyoandikwa N95.

Rangi ya zamani ina neno lake. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu madini ya risasi kuzidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, lakini milango na madirisha yaliyopakwa miaka mingi iliyopita hayakuisubiri sheria hiyo. Rangi hiyo ikikwanguliwa ikiwa kavu, risasi huwa vumbi. Vumbi hutua sakafuni, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni kwa vidole. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, na watoto na mama wajawazito walale kwa jamaa mpaka sakafu ioshwe. Ni siku chache tu.

Yapo pia mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito, yanayovunjika kama kigae. Hayo huwa na asbesto. Majengo mengi ya umma nchini yaliezekwa nayo zamani. Kanuni za taka za 2006 ziliiweka asbesto katika taka za hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu waliopewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Ukiiona, usiivunje, usiitoboe, usiifagie, wala usiichukue kipande kuziba banda la mbuzi. Mwite afisa wa afya ya umma kabla fundi hajapanda ngazi.

Sasa mpangilio wenyewe.

Kabla ya fundi kuanza, hamisha vyakula, magodoro, mikeka na nguo kutoka chumba kitakachofanyiwa kazi. Zima feni na kiyoyozi kwenye swichi, kisha vifunike kwa karatasi ya nailoni na selotepu. Ziba matundu yanayotazama vyumba vingine, na mlango wa ndani utundikiwe shuka lililoloweshwa maji. Dirisha linalotazama nje liachwe wazi ili vumbi litoke. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: hufunga kila kitu, fundi akabaki ndani ya chumba kama mtu aliyefungiwa ghalani. Linalozibwa ni njia ya kwenda kwa familia. Njia ya kwenda nje haizibwi. Hata hivyo angalia upepo. Kaskazi ikivuma na dirisha liko upande wake, vumbi litarudishwa ndani, basi fungua lile la upande wa pili.

Kazi za juu ziende mbele ya za chini. Dari ikiwa inabadilishwa, ndiyo ianze, na hapo huibuka suala la popo.

Popo wanaishi juu ya dari nyingi za miji ya kando ya Tana, na faida yao ni kubwa kwa sababu wengi wao hula wadudu usiku kucha, mbu wakiwemo. Kinyesi chao kilichokauka ni jambo lingine. Ndani yake huweza kuota kuvu ambao, ukivutwa, huleta ugonjwa wa mapafu unaofanana sana na kifua kikuu. Fundi anayeng'oa ubao wa dari na kumwagikiwa kichwani na lundo la kinyesi kikavu amevuta mengi kwa pumzi moja. Kabla ya kung'oa, atoboe tundu dogo, anyunyize maji yenye sabuni kwa pampu ya mkono, asubiri, kisha akusanye ndani ya gunia akiwa na barakoa na glavu. Asifagie kikavu. Popo wenyewe wasiuawe wala kuchomewa moshi. Huondolewa kwa kungoja jioni watoke kula, halafu mwanya waliotokea ukazibwa, baada ya kuhakikisha hakuna makinda yaliyobaki ndani. Makinda yakifungiwa hufa, na harufu itamlazimu mwenye nyumba kuing'oa dari mpya. Mwenye shaka awaulize maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Baada ya dari hufuata kubomoa na kukata, kisha plasta, kisha msasa, kisha rangi. Kati ya msasa na rangi pafanyike usafi mmoja, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya vumbi hubabuka. Usafi huo ni wa kuta na sakafu tu. Nailoni zilizofunika feni na matundu zibaki mahali pake, hata kama fundi anaona zinachafua sura ya chumba.

Rangi ikikauka, subirini usiku mmoja. Vumbi kubwa huanguka kwa dakika chache, lakini lile laini, ambalo ndilo baya, huelea hewani kwa saa nyingi. Anayefagia jioni ile ile ya kazi hulirusha tena juu, likatua kwenye kila alichokwisha kupangusa. Asubuhi yake, anza na dari, shuka ukutani, malizia sakafuni, yote kwa kitambaa chenye unyevu. Hapa patasikika swali la haki: maji yatoke wapi, na ndoo ina bei? Nusu ndoo inatosha chumba kimoja. Kitambaa kinatakiwa kiwe na unyevu, kisidondoke. Maji yaliyotumika yamwagwe mbali na birika la mifugo.

Sasa ndipo zinapofika njia za hewa, mwisho kabisa. Nailoni zikunjwe taratibu kwa ndani ili vumbi lisimwagike. Feni isiwashwe kujaribiwa kabla ya kupanguswa. Wapo waliofanya hivyo jioni ya futari, na sahani za sambusa zikapata unga usio wa ngano. Chukua foronya kuukuu, vika kila jani la feni, vuta taratibu; vumbi hubaki ndani ya foronya. Wavu wa mbu ubanduliwe, uoshwe kwa sabuni, ukaushwe na kurudishwa. Ukiupangusa ukiwa mahali pake, utasukuma uchafu ndani ya vijitundu vyake.

Wavu huo unastahili maneno zaidi. Katika nyumba ya Masalani, ndio chujio. Hewa yote inayoingia usiku, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mbu au usalama, hupita hapo. Na fundi wa rangi mwenye haraka hupitisha brashi juu yake pamoja na ukuta. Kwa mbali unaonekana mweupe na nadhifu. Kwa karibu, vijitundu vimejaa rangi, na hakuna hewa inayopita tena. Wavu uliopakwa rangi hausafishiki. Ubadilishwe, na gharama iwe ya aliyeupaka.

Kwa nini jambo hili linasisitizwa hivi? Kwa sababu ya mkaa. Usiku wa mvua, jiko lililokuwa uani huingizwa ndani. Dabqaad ya uunsi huwashwa sebuleni. Nyumba iliyokuwa na matundu sita yaliyo wazi sasa ina sita yaliyozibwa, manne kwa karatasi ambazo fundi alisahau kuondoa na mawili kwa rangi. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na harufu nzuri ya uunsi haiondoi hata chembe yake. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Hudhani ni malaria au uchovu wa saumu, hulala, na huenda asiamke. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wote watoke nje mara moja, mlango uachwe wazi, na waende hospitali hata kama wamepata nafuu nje. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, matundu yawe wazi au yasiwe wazi. Jenereta nayo ikae mbali na dirisha.

Kwa wenye viyoyozi, maduka na ofisi hasa: kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa kutoka nje. Hunyonya hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Kikiachwa kinafanya kazi wakati wa msasa, kitanyonya unga wa plasta siku nzima. Chujio lake la wavu huzuia nyuzi na vumbi kubwa, lakini unga laini hupita na kutua juu ya mapezi ya chuma yaliyolowa kwa baridi, ukaganda hapo kama plasta nyingine. Kitaendelea kuwaka, kitakula umeme zaidi, kitapoza kidogo, na bomba lake la kutolea maji likiziba kitaanza kudondosha maji juu ya ukuta uliopakwa rangi juzi. Chujio mwenye duka anaweza kuliosha mwenyewe kwa maji baada ya kuzima umeme, tena mara kwa mara katika miezi ya vumbi. Mapezi ya ndani yaachiwe fundi wa viyoyozi, na aitwe baada ya rangi kukauka. Aliyemwita kabla amelipa mara mbili.

Moshi wa uunsi na udi huacha utando wenye kunata juu ya majani ya feni na ndani ya kiyoyozi, na vumbi la ujenzi hushika hapo kama nzi kwenye asali. Hakuna anayesema watu waache uunsi. Nyumba inayoufukiza kila jioni inahitaji sabuni juu ya feni, kwa sababu kitambaa cha maji matupu hakitoshi.

Wapo watakaosikia kwamba Nairobi na Mombasa kuna kampuni zinazosafisha mabomba ya hewa, na kwamba nyumba isiyosafishwa hivyo kila mwaka huleta maradhi. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, nchi ambako nyumba nyingi zina mabomba hayo, limewaambia wananchi wake kwamba haijathibitishwa kuwa kusafisha mabomba huzuia maradhi, na kwamba wafanye hivyo panapoonekana kuvu, panya au wadudu, au vumbi lililoziba. Ushauri wake kuhusu ukarabati unafanana na huu wa leo: ziba matundu, zima mashine, usiiwashe mpaka vumbi lisafishwe. Kwa hiyo fedha za msimu huu ziende kwenye wavu mpya na barakoa mbili tatu. Penye wagonjwa dhaifu hali ni tofauti. Katika hospitali za nchi nyingi, vumbi la ukarabati limebeba kuvu hadi kwa wagonjwa ambao miili yao haikuweza kupigana nao. Zahanati ya umma au ya binafsi ikikarabatiwa, wagonjwa wahamishwe chumba kwanza, vumbi baadaye. Nyumbani pia, kama kuna anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta au anayetibiwa kifua kikuu, asilale katika nyumba inayopigwa msasa.

Ni lini basi? Kalenda ya mvua na kalenda ya mfungo zote zina usemi hapa.

Jilaal, kati ya Januari na Machi, ni kavu. Plasta hukauka na mabati hufunguliwa bila hofu, lakini kaskazi huleta vumbi la nje juu ya lile la ndani. Gu ikianza, mwishoni mwa Machi au Aprili, paa lililo wazi ni hasara. Hagaa, baada ya Juni, ni wakati mzuri, ingawa Ijara iko karibu na pwani kuliko Garissa mjini na manyunyu ya Julai huweza kumkuta mtu. Deyr hufika Oktoba. Atakayekarabati paa achague Agosti na Septemba, amalize usafi wote, gata na tangi pamoja nao, kabla wingu la kwanza la Oktoba.

Nyumba iliyoingiwa na maji, kama nyingi zilivyoingiwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 Tana ilipofurika, isipigwe plasta wala kuzibwa matundu haraka. Ukuta uliolowa ukifungiwa huota kuvu nyuma ya rangi mpya. Iachwe wazi mchana kutwa ikauke kwanza, na ubao wa dari wenye madoa meusi utupwe badala ya kupakwa.

Kuhusu Ramadhani, katika miaka hii mfungo unaangukia Februari na Machi, ndani ya Jilaal, na kila mwaka unafika mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja. Plasta mpya ya saruji huhitaji takriban wiki nne kabla ya rangi ya mafuta. Anayetaka sebule mpya kwa mgeni wa Ramadhani basi aanze Rajabu. Anayeanza plasta katikati ya Shabani ataifungia familia yake inayofunga ndani ya unyevu, harufu ya rangi na vumbi, na wengi hulala mchana mwezi huo huku feni ikizunguka juu yao. Akiwa amechelewa, afadhali apake rangi ya maji tu kwenye kuta zilizopo na kuliacha la plasta mpaka baada ya Idi. Wageni watakuja tu.

Lililobaki ni paa, kwa sababu vumbi lililotoka dirishani halikupotea. Sehemu yake imelala juu ya mabati na ndani ya gata, pamoja na vipande vya mabati yaliyokatwa, misumari, majani na kinyesi cha ndege. Mvua ya kwanza huvisafirisha vyote hadi kwenye tangi la maji ya kunywa. Vipande vya mabati hushika kutu na kutoboa gata. Gata lililoziba hutuamisha maji, na mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda mahali kama hapo.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita kumi hutoa takriban lita 600, utajiri mkubwa katika mji huu. Lita 60 za kwanza, yaani madumu matatu ya lita 20, zinatosha kusuuza paa. Ondoa bomba kwenye mdomo wa tangi kabla ya mvua, acha hayo yamwagike, kisha lirudishe. Baada ya ukarabati fanya hivyo kwa mvua mbili za kwanza. Inauma kuyaona maji yakimwagika Masalani, lakini afadhali madumu matatu kuliko tangi zima. Paneli za sola zilizo juu ya paa hilo hilo nazo zifunikwe wakati wa kazi na zioshwe asubuhi kabla hazijapata joto, kwa kitambaa laini.

Mafundi wengi hufanya vizuri wakiambiwa mapema. Shida ni kwamba mapatano ya hapa ni ya mdomo: rangi vyumba vitatu, bei hii, siku nne. Hakuna anayetaja nailoni, wavu wala nani atafagia. Yaandikwe kwenye karatasi, hata ya daftari la mtoto wa shule: fundi atafunika feni, atalowesha kabla ya kukata na kukwangua, hatapaka wavu rangi, ataondoa kila alichozibia, atabeba mabaki yake. Anayebomoa ukuta unaobeba paa au kuongeza chumba apate kwanza kibali cha ujenzi kutoka kwa kaunti, kama Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inavyotaka.

Na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mfukoni mpaka jaribio moja lifanyike. Fungeni madirisha, acheni mlango wazi kidogo, mwenye nyumba apande kiti na kushika ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya kila tundu la hewa. Ukitikisika, hewa inapita. Ukining'inia tu, fundi arudi na ngazi yake.